Ukimwaga Mboga, Namwaga Ugali: Uchambuzi wa Kisa cha Kufungwa kwa Mafuta ya Sudan Kusini, 2012

Kisa kwa ufupi

Januari 2012 Sudan Kusini, ikiwa na umri wa miezi sita tu kama nchi huru, ilijifungia yenyewe chanzo cha takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali yake. Visima vilivyokuwa vikitoa mapipa 350,000 hivi kwa siku vilizimwa kimoja baada ya kingine, na kabla mwezi haujaisha hakuna tone lililokuwa likielekea Bandari ya Sudan. Kuzima kulichukua siku chache. Kuwasha kulichukua zaidi ya mwaka, na uzalishaji haujawahi kurudi pale ulipokuwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinagusa ubishi wa siku nyingi kuhusu kikomo cha mafuta duniani. Wapo wanaosema kikomo kiko chini ya ardhi: mapipa yanahesabika, yakiisha yameisha. Wapo wanaosema mafuta yapo tele, kinachokwamisha ni vita, mikataba mibovu na vikwazo. Hapa utaona jinsi mambo hayo mawili yanavyopokezana kazi. Amri ya kufunga ilitolewa mezani na wanasiasa. Masharti ya kufungua yaliwekwa na mwamba, nta na maji.

Majina ya mawaziri, wajumbe na wahandisi nimeyaacha, kwa kuwa kinachofundisha ni maamuzi yao. Nchi zenyewe hazifichiki, maana ramani ndiyo nusu ya kisa.

Usuli: kilichomo chini

Mafuta ya Sudan zote mbili yanatoka hasa katika mabonde mawili ya ufa wa kale, Muglad upande wa magharibi na Melut upande wa mashariki. Mabonde hayo yalianza kufunguka zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi Afrika ilipokuwa ikiachana na Amerika ya Kusini. Yalijaa maziwa, na mwani wa maziwa hayo ukazikwa, ukapikwa na joto la ardhini, ukawa mafuta.

Asili hiyo ya ziwani ina maana kubwa kwa mtu wa bomba. Mafuta yaliyotokana na mwani wa maji yasiyo na chumvi huwa na salfa kidogo, jambo zuri kwa mnunuzi, lakini huwa na nta nyingi. Mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda na yale ya Lokichar huko Turkana yana tabia hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo, ijapokuwa mabonde yao ni machanga zaidi.

Sudan Kusini huuza aina mbili. Nile Blend, inayotoka bonde la Muglad, ni nyepesi kiasi na viwanda vya kusafisha huipenda. Dar Blend, ya bonde la Melut, ni nzito zaidi, ina asidi, na mara nyingi huuzwa kwa punguzo. Hii ya pili ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mauzo. Hutoka kisimani ikiwa ya moto na inatiririka vizuri. Ikipoa chini ya nyuzi 35 hivi huganda kama samli; ukiigeuza chupa, haitoki.

Watu huuliza mafuta yatagandaje katika nchi ambayo mchana hufika nyuzi 40 kivulini. Jibu ni kwamba bomba limefukiwa, na udongo unaolizunguka huwa na joto la chini kuliko hewa ya mchana. Kwa hiyo mafuta hupashwa joto njiani na kusukumwa bila kusimama katika safari ya kilomita zaidi ya 1,300, kutoka Paloch, kwenye visima vya bonde la Melut, mpaka Bahari ya Shamu. Likisimama, unaanza kuhesabu saa.

Jambo jingine ni umri wa visima. Visima vya Unity, upande wa Muglad, vilianza kusafirisha mafuta mwaka 1999, na kufikia siku ya uhuru vilikuwa vimepita kilele chake. Kisima cha namna hiyo hutoa maji mengi pamoja na mafuta, na mwaka hadi mwaka maji huzidi. Ili mafuta yasipungue haraka unahitaji kuchimba visima vipya, kubadilisha pampu, kutenganisha maji na kuyarudisha chini. Kazi hiyo haisubiri. Ukiiacha mwaka mmoja huikuti ilipokuwa.

Usuli: kilichoandikwa juu ya karatasi

Chevron ndiyo iliyoyagundua mafuta haya mwishoni mwa miaka ya 1970, ikasimamisha kazi mwaka 1984 baada ya wafanyakazi wake kuuawa, kisha ikaondoka kabisa. Vikwazo vya Marekani vya mwaka 1997 vikazifungia mlango kampuni za nchi hiyo. Walioingia ni CNPC ya China na Petronas ya Malaysia, walioshiriki kujenga mabomba, na baadaye ONGC ya India. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, nani achimbe, kwa teknolojia gani na kwa haraka gani, yalikuwa yameamuliwa zaidi na siasa kuliko na jiolojia.

Mkataba wa amani wa mwaka 2005 uligawa mapato ya mafuta ya kusini nusu kwa nusu. Mgao huo ulikoma tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru. Siku hiyo kusini iliondoka na takriban robo tatu ya uzalishaji. Mabomba yote mawili, viwanda vya kusafisha na bandari vikabaki kaskazini. Makubaliano mapya ya ada ya kupitisha mafuta hayakuwepo. Nchi mbili zilizopigana miongo kadhaa ziliachana zikiwa zimefungwa pamoja kwa bomba la inchi 32, na hakuna aliyekuwa ameandika bei.

Mtiririko wa matukio

Mazungumzo yalifanyika Addis Ababa chini ya usuluhishi wa Umoja wa Afrika. Khartoum ilitaja ada inayofika dola 36 kwa pipa ukijumlisha kila kitu. Juba ikajibu kwa kutaja ada ya kupitisha isiyofika dola 1, ikisema ndiyo desturi ya dunia. Ukiona pande mbili zimeachana kwa kiasi hicho, jua hawazungumzii kitu kimoja. Khartoum ilikuwa ikidai fidia ya nchi iliyopotea. Juba ilikuwa ikijadili nauli.

Mafuta yaliendelea kusafiri huku yakiwa hayalipiwi kwa makubaliano. Mwishoni mwa 2011 Khartoum ilianza kujichukulia shehena bandarini, ikisema inakata deni lake. Juba iliita huo wizi na kutaja hasara ya takriban dola milioni 815.

Tarehe 20 Januari 2012 baraza la mawaziri la Juba liliamua kufunga. Siku chache baadaye Juba na Nairobi zilitia saini maelewano ya bomba la kwenda Lamu, na tarehe 2 Machi viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walisimama pamoja Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na bomba hilo.

Aprili mambo yalichacha. Jeshi la kusini liliingia Heglig, eneo lililokuwa likitoa takriban nusu ya mafuta yaliyobaki kwa kaskazini, likakaa siku kumi hivi, kisha likaondoka kwa shinikizo la dunia. Mitambo ya Heglig ilikuwa imeharibiwa. Kusini imefunga ya kwake, na sasa ya kaskazini nayo imeungua: ndiyo maana ya kichwa cha andiko hili.

Mei ilivuja taarifa ya siri ya Benki ya Dunia iliyoonya kwamba akiba ya fedha za kigeni ya Sudan Kusini ilikuwa mbioni kukauka. Mfumuko wa bei Juba ulikaribia asilimia 80. Agosti pande mbili zikakubaliana ada, na mikataba ikatiwa saini tarehe 27 Septemba. Hata hivyo mafuta hayakutoka, kwa kuwa suala la usalama wa mpaka lilikuwa bado halijamalizwa. Lilimalizwa Machi 2013. Aprili visima vya kwanza vikawashwa. Juni Khartoum ikatishia kufunga tena. Desemba vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Sudan Kusini, na visima vya Unity vikazimwa, safari hii kwa mtutu wa bunduki.

Maamuzi matatu na sababu zake

*Kufunga kila kitu.* Juba ingeweza kuendelea kusafirisha huku ikipinga mahakamani, au kupunguza kiasi. Iliamua kufunga kabisa, na kwa wakati ule uamuzi ulikuwa na mantiki yake. Kwanza, mafuta yanayochukuliwa bandarini hayana faida kwako kuliko yale yaliyobaki chini. Yaliyo chini angalau ni yako bado. Pili, viongozi walikuwa wametoka msituni na waliamini wananchi waliostahimili vita wangestahimili ukata. Tatu, walihesabu kwamba Khartoum, iliyokuwa imeshapoteza robo tatu ya mafuta, ingepiga magoti mapema. Nne, wapo maofisa waliosema hadharani kwamba bomba la Kenya lingejengwa kwa takriban mwaka mmoja.

Hoja ya nne ndiyo iliyoharibu hesabu. Bomba la zaidi ya kilomita elfu moja kwa mafuta yenye nta linahitaji upimaji, ardhi, fedha za benki na mitambo ya kupasha joto. Mhandisi yeyote wa mabomba angewaambia miaka mitatu ikienda vizuri sana. Pengine waliambiwa.

*Kujaza bomba maji.* Huu ni uamuzi wa wahandisi, na haukuandikwa sana magazetini. Amri ilipokuja, hofu kubwa ilikuwa mafuta kusimama ndani ya bomba na kuganda toka mwanzo hadi mwisho. Walifunga visima kwa zamu, wakasukuma maji nyuma ya mafuta mpaka mafuta yakatoka. Maji hula chuma, na bomba lililolala na maji ndani yake kwa mwaka mzima halitoki salama kabisa. Lakini kutu unaweza kuikagua na kuitibu. Kilomita mia kadhaa za nta iliyoganda ni msiba wa namna nyingine.

*Kukubali ada isiyobadilika.* Makubaliano ya Septemba yaliweka ada ya takriban dola 9 kwa pipa katika bomba la Nile Blend na dola 11 katika lile la Dar Blend. Juu yake kuliongezwa dola 15 kwa pipa kulipia fidia ya jumla ya dola bilioni 3 hivi. Jumla ni dola 24 hadi 26. Wakati huo pipa la Brent, mafuta yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia, lilikuwa likiuzwa zaidi ya dola 100, na kiasi hicho kilionekana cha kuvumilika. Hakuna aliyeweka kifungu cha kushusha ada bei ya soko ikianguka.

Matokeo

Pato la taifa la Sudan Kusini lilishuka kwa karibu nusu mwaka 2012. Mafuta yalipofunguliwa hayakurudi mapipa 350,000. Mwishoni mwa 2013, kabla ya vita, yalikuwa takriban 240,000. Mwaka 2014 yalishuka hadi 160,000 na ushei, na miaka iliyofuata yakabaki huko huko, wakati mwingine chini yake.

Kisha bei ikaanguka. Januari 2016 Brent ilishuka chini ya dola 30. Toa punguzo la Dar Blend, toa dola 26 za ada na fidia, toa gharama za kampuni: nchi ilikuwa ikimaliza hazina yake ya ardhini ili kulipa nauli. Khartoum ilikubali kulegeza mwezi huohuo, kwa sababu kusini ikifunga tena nayo ingekosa.

Na dunia? Mapipa 350,000 ni chini ya asilimia 0.4 ya matumizi ya dunia ya wakati ule, yaliyokuwa karibu mapipa milioni 90 kwa siku. Soko liliyumba kidogo likaendelea. Lakini liangalie pamoja na mengine ya kipindi hicho: Libya mwaka 2011, Syria na Yemen zikiwa vitani, vikwazo dhidi ya mafuta ya Iran katikati ya 2012. Kila moja peke yake inamezeka. Zikijumlishwa, ndizo zilizosaidia kuiweka Brent juu ya dola 100 kwa miaka mitatu na zaidi, katika dunia ambayo kwenye vitabu vya akiba ya mafuta haikuwa na upungufu wowote.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi, kwa sababu ni rahisi kuwacheka waliofunga. Juba ilianza ikidaiwa dola 36, ikaishia na nauli ya dola 9 hadi 11 na fidia yenye mwisho. Bila kufunga, sioni ni kitu gani kingeishusha Khartoum hadi hapo. Kama chombo cha kujadiliana, kufunga kulileta kitu. Swali ni kililetwa kwa gharama gani, na kama gharama hiyo ilihesabiwa.

Nadhani haikuhesabiwa, na hapa ndipo jiolojia inapoingia. Kiongozi anayesema "mafuta yako chini, hayaendi popote" amesema kweli nusu. Mafuta hayaendi, lakini uwezo wa kuyatoa unakwenda. Kisima kilichosimama huziba kwa nta na mchanga. Pampu iliyozama kwenye maji ya chumvi bila kuzunguka huharibika. Maji ya chini ya mwamba huweza kupanda na kukaa pale mafuta yalipokuwa yakipita. Kubwa kuliko yote, katika uwanja uliokwisha kupita kilele, visima vipya na matengenezo ndivyo vinavyoziba pengo la kila mwaka. Mwaka mmoja bila kazi hiyo, kisha mwaka mwingine wa vita, na makampuni hayaleti tena mtambo wa kuchimba mahali ambapo wafanyakazi wanahamishwa kwa ndege kila baada ya muda. Kushuka kutoka 350,000 hadi 160,000 hakukusababishwa na mwamba peke yake wala na siasa peke yake. Siasa ilisimamisha matengenezo, na mwamba haukusamehe.

Takwimu za akiba hazikuona lolote kati ya hayo. Sudan Kusini iliendelea kuorodheshwa na akiba ya mapipa bilioni 3.5. Gawanya kwa mapipa 150,000 kwa siku, unapata zaidi ya miaka 60. Mtu anayesoma jedwali hilo ataona nchi yenye mafuta ya kutosha vizazi viwili. Aliyesimama Paloch anaona visima vinavyotoa maji mengi kuliko mafuta. Ndiyo sababu siamini majedwali ya dunia nzima yanayojumlisha akiba za namna hii na kutoa mwaka wa kwisha kwa mafuta. Yanajumlisha vitu visivyofanana: mapipa ambayo yako njiani, na mapipa ambayo kuyatoa kunahitaji amani, barabara, dizeli na mkataba.

Njia mbadala, yaani bomba la Lamu, nayo ilikwamishwa na yote mawili, mwamba na siasa. Kadiri uzalishaji ulivyoshuka ndivyo bomba la Lamu lilivyokosa mashiko, kwa kuwa benki hukopesha kwa kuangalia mapipa yatakayopita miaka 20, na hakuna mwenye mapipa hayo mkononi aliyejitokeza. Kufunga kulikokusudiwa kuharakisha bomba jipya ndiko kulikopunguza mafuta ya kulijaza. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Bomba halijajengwa.

Marudio ya 2024

Aprili 2023 vita vilizuka ndani ya Sudan yenyewe. Bomba la Dar Blend linapita katika maeneo yaliyokuwa yakigombewa. Februari 2024 dizeli ya kuendeshea vituo vya kusukuma ilikosekana, mafuta yakapoa, yakaganda, na bomba likapasuka. Hakuna aliyeamuru lifungwe safari hii, wala hakukuwa na muda wa kusukuma maji. Takriban mapipa 100,000 kwa siku yalikwama, yaani theluthi mbili ya mauzo ya Sudan Kusini, na Khartoum ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kutimiza wajibu wake wa kusafirisha. Tangazo hilo liliondolewa Januari 2025.

Linganisha mara mbili hizo. Mwaka 2012 siasa ilitoa amri na wahandisi wakapewa siku kadhaa za kuitekeleza kwa adabu, na bomba likaokoka. Mwaka 2024 nta ilifanya kazi yake bila kungoja amri.

Kwa wanaojenga bomba la Tanga

Uganda iligundua mafuta mwaka 2006, ikafikiria njia ya Lamu, kisha Aprili 2016 ikachagua Tanga. Bomba ni la kilomita 1,443 na hupashwa joto njia nzima, kwa nta ileile ya ziwani. Yapo yaliyofanywa tofauti na ya Sudan. Mkataba kati ya serikali mbili na ada ya dola 12.77 kwa pipa vilikubaliwa kabla ya bomba kujengwa. Shirika la mafuta la Tanzania na lile la Uganda kila moja lina hisa asilimia 15, kwa hiyo mwenye ardhi ya kupitishia anapata hasara naye bomba likisimama. Khartoum nayo ilikuwa na hisa katika mabomba yake, lakini fidia ilikuwa nono kuliko gawio.

Kilichobaki kutazamwa ni ile ada yenyewe. Imetajwa kwa dola, siyo kwa asilimia ya bei. Brent ikiwa dola 80, mwenye mafuta haisikii sana. Ikirudi ilikokuwa Januari 2016, Kampala itakuja Dar es Salaam na hesabu ileile ambayo Juba iliipeleka Khartoum, na vifungu vya kuijibu hesabu hiyo vinapaswa kuwa vimeandikwa na kueleweka na pande zote mbili kabla ya siku hiyo.